Mwongozaji, tuambie na habari za mwamba

Desemba iliyopita ukoo wetu ulitoka Moshi mjini na msafara wa Noah mbili na Hiace ya kukodi, kwenda kuona maporomoko ya Marangu. Tulikubaliana kuondoka saa moja asubuhi, tukaondoka saa tatu. Himo tukasimama tena kwa ajili ya mishikaki.

Kwenye poromoko la Kinukamori ndipo nilipoudhika kidogo. Si kwa sababu ya ngazi za kushukia, ingawa mama mdogo alizilaani moja moja. Kijana aliyetuongoza alitusimulia kisa cha binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja kujirusha hapo, akaghairi, kugeuka akakutana na chui. Alisimulia vizuri, hata watoto walinyamaza. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, na huu mwamba umetokea wapi?" Akacheka. "Huo upo tu, kaka, tangu zamani."

Upo tu! Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoshikana, Shira, Mawenzi na Kibo, na miteremko yake ni matabaka ya lava, yaani mwamba ulioyeyuka, na majivu. Lava ikiganda huwa ngumu, majivu yaliyoshindiliwa huwa laini. Maji yakidondoka kutoka ukingo mgumu huchimba ule ulaini wa chini, mwamba wa juu unabaki umening'inia kama upenu wa nyumba, na siku moja unakatika. Ukiona mawe makubwa yamelala chini ya maporomoko namna hii, mengi ni upenu wa zamani. Kwangu mimi hicho nacho ni kisa, tena kinaendelea hadi leo. Tunalipa kiingilio, tunapiga picha na maji, na ukuta unaoyaangusha hatuuulizi hata jina.

Niliokota jiwe jeusi lenye vitundu, nikampa binti wa binamu yangu, ana miaka tisa. Akaligeuzageuza. "Baba mdogo, ni kama kitumbua kilichokatwa!" Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Gesi ilikuwa inatoka lava ikiwa bado ya moto, ikanaswa njiani lava ilipoganda.

Poromoko jingine, Kilasiya, tulipita haraka, matope yalikuwa mengi na simu ya mtu ilishazama.

Jioni tukafika Ziwa Chala, kule mpakani na Kenya. Ukisimama ukingoni unaona kuta za kreta, lile shimo la volkano, zimeshuka wima hadi majini, na maji yenyewe ya kijani kibichi. Hakuna mto mkubwa unaoingia. Sehemu kubwa ya maji hupenya chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Nikawaeleza hivyo, wakubwa wakaitikia huku wanatafuta mtandao. Yule binti ndiye aliyemshika shangazi mkono akaanza kumfundisha habari za moto, gesi na kitumbua, jiwe likiwa kiganjani.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa mama, nimeelewa. Sasa hilo jiwe liache hapahapa, nyumbani kwangu sitaki volkano."