Ukishampa mtoto hela ya safari, nyamaza

Jumapili iliyopita tulirudi Dar na boti ya saa tisa na nusu. Kusi limeshaanza kuvuma, kwa hiyo tangu tulipoiacha bandari ya Malindi, Unguja, boti ilikuwa inapanda na kushuka, na abiria wengi walikuwa wameinamisha vichwa. Safu ya mbele yetu walikaa mama mmoja na mwanawe wa miaka kama minane. Mtoto alikuwa amepakata ngalawa ya mbao, ndogo, inayozidi kiganja changu kidogo tu. Tanga lake lilikatwa kwenye shuka kuukuu, likashonwa kwa uzi wa bluu. Mlingoti ulikuwa kijiti cha mshikaki. Boti ikipanda, naye anaipandisha ngalawa yake. Boti ikishuka, anaishusha polepole mpaka gotini. Wakati watu wazima tunasali, yule mtoto alikuwa nahodha.

Mama yake akaigeukia ile ngalawa. "Hela yote ile umenunua kijiti hiki? Elfu nane! Si bora ungenunua hata soksi za shule? Mwenzio kanunua kofia ya maana." Alisema kwa sauti, safu tatu tukasikia.

Mtoto akajibu taratibu, "Mama, ulisema ni hela yangu."

"Ni yako, lakini ndiyo uchezee?"

Basi. Ngalawa haikupanda wimbi tena. Aliishika kimya kidogo, halafu akainama akaiweka chini ya kiti. Tulipofika Dar watu walisimama kabla boti haijafungwa, kama kawaida yetu, na mimi nilikuwa nahangaika na mabegi na mtoto mdogo aliyelala. Nilipotazama chini ya kile kiti, ngalawa ipo, wenyewe hawapo. Niliichukua nikakimbia nayo mpaka getini. Sikuwaona.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima, na kwa kuwa likizo ya Juni ndiyo kwanza imeanza na wengi wenu bado mnafunga mabegi, naomba niliseme. Ukimpa mtoto hela ya kununulia kumbukumbu safarini, mpe kweli. Kiasi chochote unachoweza. Lakini ikishaingia mkononi mwake, wewe mzazi nyamaza. Yule mama alimpa mwanawe elfu nane kwa mkono akamnyang'anya kwa ulimi, na alichomnyang'anya kilikuwa kikubwa kuliko elfu nane.

Sisemi haya kwa kuwa ninajua kulea kuliko wengine. Mwaka juzi tulikwenda Bagamoyo siku mbili na sikuwa nimepanga chochote. Kila kibanda "mama naomba", kila kibanda "hapana", kibanda cha saba nachoka, nanunua. Tuliporudi nilikaa na kalamu nikahesabu: elfu sitini na kidogo zimeyeyuka kwenye bangili zilizokatika kabla hatujafika Bunju, filimbi, vikapu vya mkononi, miwani ya jua ya mtoto wa miaka minne. Nilipowauliza watoto walinunuliwa nini, hawakukumbuka. Walichokumbuka ni kwamba mama alikasirika sana siku ile.

Safari hii nilichukua zile sitini nikakata, zikabaki arobaini na tano, nikagawa kwa watatu. Elfu kumi na tano kila mmoja kwa siku nne za Unguja. Najua wapo wanaogawa kwa umri. Mimi nimegawa sawa kwa sawa, kwa sababu mwenye kibanda hapunguzi bei kwa kuangalia umri wa mnunuzi. Niliwaambia wiki moja kabla, wakiwa wameshiba na hakuna kibanda mbele yao: chakula, nauli na viingilio ni juu yetu wazazi. Vitu vya kununua ni juu yenu. Ikiisha imeisha, hakuna nyongeza, hakuna kukopeshana. Nikawapa kwa noti ndogo, ya elfu tano moja, za elfu mbili nne, za elfu moja mbili. Hili la noti ndogo msilidharau. Mtoto akisimama kwenye kibanda ameshika msimbazi, bei inapanda hapo hapo na chenji haipatikani.

Tulifikia kwa wifi yangu, Kikwajuni. Jioni ya kwanza aliwaona watoto wanahesabu noti zao kwenye mkeka akanivuta jikoni. "Wifi, mtoto hapewi pesa akaachiwa. Unamfunza ubadhirifu."

Nikamuuliza, "Mbona Idi mnawapa?"

"Idi ni Idi, wifi."

Na hapo ndipo ninapotaka tufikirie vizuri, hasa sisi wa pwani. Kila sikukuu watoto wetu wanapokea pesa, noti mpya zinazonukia benki, kutoka kwa babu, ami, shangazi na jirani. Jioni wanavalishwa nguo mpya wanapelekwa viwanja vya Mnazi Mmoja. Wananunua baluni, bastola za maji, askirimu inayowachuruzikia kwenye kanzu. Wanarudi hawana hata jero. Na hakuna mzazi anayesimama katikati ya uwanja kumsimanga mtoto kwamba bastola ya maji haina faida. Tunajua ni sikukuu yake na pesa ni yake. Wengi wetu siku hizo ndizo tulizojifunzia kujumlisha na kutoa, na ndizo siku tulizojiona watu kamili. Kwa hiyo jambo hili lipo kwetu tangu zamani, wala halikuletwa na wageni. Tunaloshindwa ni kulibeba kwenye begi la safari.

Niwasimulie ya mwanangu wa kati. Siku ya pili tulivuka kwenda Changuu kuwaona kobe. Wale kobe wakubwa asili yao ni Shelisheli, wazee wao waliletwa pale mwaka 1919, na baadhi wameandikwa umri kwa rangi juu ya gamba. Mwanangu alimlisha mmoja majani. Kobe alinyoosha shingo taratibu kama mzee anayeamka kitandani, akauma jani, akalitafuna huku anamwangalia. Mtoto hakusema kitu mpaka tunarudi Shangani.

Jioni tukapita mtaa wa Gizenga. Akasimama kwenye kibanda chenye kobe wa mbao. Muuzaji akasema elfu kumi na mbili, na kama walivyozoea akanigeukia mimi: "Mama, mnunulie mtoto." Nikamwambia, "Mwenye hela ni yeye." Yule kijana akacheka, akachuchumaa mpaka wakatazamana uso kwa uso, na kuanzia hapo mimi sikuwepo. Mwanangu ni mpole, darasani hanyooshi mkono. Akasema, "Nina elfu tano." Akaambiwa kumi. Akamgeuza yule kobe, akaona mguu mmoja una ufa, akauonyesha kwa kidole. Wakaja tisa, wakaja nane. Akataka kuondoka kweli, si kwa ujanja, nadhani aliona aibu tu, na yule kijana akamwita: "Njoo bwana mdogo, leta saba." Akatoa noti ya tano na ya mbili. Ile ya mbili alikuwa ameikunja mara nyingi mpaka simba wake amechanika sikio.

Baba yao alikuwa nyuma yetu. Akaninong'oneza, "Lakini hawa kobe si wapo Mwenge?" Ni kweli wapo Mwenge. Nakubali, nusu ya vitu vinavyouzwa Mji Mkongwe unavikuta Dar, na vingine vimetoka Dar. Hata picha za Tingatinga zinazoning'inia kila ukuta wa Gizenga mwanzo wake ni Dar, marehemu Edward Saidi Tingatinga alizianzia kwetu mwaka 1968, akichora kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Nilifungua mdomo nimwambie mtoto amrudishe, kwamba Mwenge tutampata kwa elfu nne. Nikaufunga. Pale Mwenge angempata kobe wa mbao. Huyu aliyemshika alikuwa kobe wa asubuhi ile, aliyemwangalia huku anatafuna. Mnunuzi alikuwa anajua anachonunua, mimi ndiye sikujua.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyenipima. Usiku wa kwanza Forodhani, kabla hata hatujala, alichorwa hina mikono yote miwili, akanunua na mkufu wa shanga na bangili tatu. Elfu kumi na tatu zikaondoka ndani ya saa moja. Kesho yake akaona pochi ya ukili yenye kifuniko cha ngozi, elfu tisa, akasimama nayo mkononi muda mrefu. Hakuniomba. Alinitazama tu, na macho yamemjaa. Jamani, nilikuwa na hizo elfu tisa! Zilikuwa kwenye mkoba wangu, nazisikia. Mzazi anayedhani kunyamaza ni kazi nyepesi ajaribu kusimama pale. Nilimshika bega tukaendelea kutembea. Siku mbili zilizobaki alikuwa anauliza bei bila kununua, anarudi kibanda cha kwanza kulinganisha, anamshauri mdogo wake asikubali bei ya mwanzo. Hina imeshaanza kufifia sasa. Hajalalamika, na mimi sijamkumbusha. Hilo la pili ndilo gumu. Ukimwachia mtoto akosee halafu ukamwimbia kosa lake mwezi mzima, bora usingempa.

Kuna pahali niliweka mguu chini, na sijutii. Magamba ya baharini. Kule ufukweni wanauza makombe makubwa ya kupuliza, yanang'aa, na mtoto wa miaka sita akiliweka sikioni akasikia bahari huwezi kumlaumu. Lakini konokono yule wa tarumbeta ni katika wachache wanaokula kiti cha pweza chenye miiba, yule anayeteketeza matumbawe, na makombe mazuri namna ile mara nyingi hayaokotwi yakiwa matupu, mnyama huchukuliwa hai. Vitu vya gamba la kasa ng'amba ndiyo kabisa, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Kwa hiyo nakiri, uhuru ninaousema una uzio. Ila uzio uwekwe nyumbani, kabla ya safari, kwa maneno mtoto anayoyaelewa. Kumwekea pale kibandani, ameshashika kitu na moyo wake umeshakipenda, ni kumwonea. Mwanangu huyo mdogo alilia kidogo, nikamkumbusha tuliyoyasema, akafuta machozi akaenda kununua kofia kubwa kuliko kichwa chake.

Mtu atasema hela hamna. Naelewa, nauli ya boti kwa watu watano peke yake inaumiza. Basi mpe elfu tatu. Mpe buku. Ninalolisema halihusu ukubwa wa fungu.

Lipo na suala la zawadi za nyumbani, na hapa ndipo tunapowabebesha watoto mzigo usio wao. Kwetu mtu hasafiri akarudi mikono mitupu, na mimi ni wa kwanza kuitetea desturi hiyo. Lakini nimeona mtoto amepewa elfu kumi yake, na kabla hajaifikiria ameshaambiwa: mnunulie bibi, mnunulie binamu, usimsahau dada wa kazi. Inabaki buku mbili, halafu anaambiwa hizo ndizo za kujifurahisha. Zawadi za ukoo ni fungu la wazazi. Halua, mdalasini na kanga doti moja ya mama mkwe nilinunua mimi Darajani, kwa hela iliyotengwa kwa ajili hiyo. Mtoto akipenda kumnunulia mtu kwa moyo wake, ni baraka. Akiamrishwa, hajatoa yeye, tumetoa sisi kwa mkono wake.

Naye mama yule wa kwenye boti, sina hasira naye tena. Jumapili jioni nilikuwa nayo. Huenda elfu nane ile aliikopa. Huenda mwanawe kweli hana soksi, na mama ameitazama ile ngalawa akaona ada ya Julai. Kama ni hivyo, mama angu, sema kabla. Mwambie mwanao, safari hii hela ya kununua hatuna, tutaokota mawe mazuri pwani. Watoto wanaelewa sana umaskini wetu tukiwaambia. Hawaelewi tunapowapa kitu na kuwasimanga nacho.

Ngalawa ipo juu ya kabati la vyombo. Uzi wa bluu ulikuwa umeachia pembeni, kwa hiyo mwanangu wa kati alikaa nayo jana mezani na sindano yangu, ulimi nje, akalishona tanga upya. Hakuwa na uzi wa bluu, akatumia mweusi. Alipomaliza akaniuliza kama tunaweza kurudi bandarini Jumapili saa kumi na moja na nusu, boti ya Unguja inapoingia, tusimame pale getini nayo. Nimemwambia yule mtoto hawezi kuwa anasafiri kila Jumapili. Akasema anajua, lakini twende.

Tunakwenda.