Kabla ya Kutafuta Kaburi, Tafuta Shamba

Kila Desemba watu wanaporudi kwao, lazima atokee kijana mmoja na daftari lake aanze kuuliza: babu mzaa babu kazikwa wapi? Nawapenda vijana hawa. Tatizo ni pale wanapoanzia. Wengi wameona kwenye intaneti jinsi Wamarekani wanavyofanya: unaandika jina la marehemu, linakuja jiwe lenye tarehe mbili na picha yake. Basi nao wanaanza kusaka jina, cheti cha kifo, jiwe. Kwetu, kaburi la zamani lenye jina lililochongwa mara nyingi ni la mmisionari, la mzungu wa serikali, la chifu au la tajiri wa mjini. Babu yako mkulima hakuandikwa kwenye jiwe lolote. Alizikwa kwenye ardhi ya watu wake, na hiyo ardhi ndiyo ya kuanza nayo.

Kilimanjaro na Kagera kazi ni nyepesi kidogo. Mchaga anazikwa kihambani, Mhaya kwenye kibanja chake, yaani shamba la migomba la nyumbani, na familia nyingi hazijahama vizazi na vizazi. Ukikuta masale, mmea unaopandwa kuweka alama ya kaburi, yamesimama peke yake katikati ya migomba, uliza kabla hujapitisha jembe.

Kwingine mambo ni magumu, na sababu kubwa ni Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi iwe imekwisha kufikia mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Yameandikwa mengi kuhusu nyumba zilizobomolewa na mashamba yaliyoachwa. Kuhusu wafu waliobaki nyuma yameandikwa machache mno, ilhali ndiyo sababu leo mtu mwenye miaka thelathini anakuonyesha kijiji chao cha asili ambacho hakina hata kaburi moja la kabla ya baba yake kuzaliwa.

Upande wa mama yangu ni Handeni. Kijiji cha sasa kimekaa kando ya barabara, nyumba zimepangwa kwa mistari. Wazee waliotangulia wako kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, mwendo mrefu wa miguu kutoka hapo. Aliyetupeleka ni mdogo wake bibi. Tulikuwa na majina kwenye karatasi, lakini yeye hakuyajali. Alitafuta mwembe. Alipoufikia akaupa mgongo, akakitazama kilima, akaanza kuijenga nyumba upya kwa kidole: mlango ulikuwa huku, jikoni kule, zizi la mbuzi pale kwenye kichuguu. “Basi watu wako nyuma ya zizi, mjukuu wangu. Fyekeni taratibu.” Chini ya nyasi tukakuta safu ya mawe madogo, na kwenye moja bakuli la udongo lililozama ardhini likabaki ukingo tu. Ni bakuli la aliyelala hapo mwenyewe, bibi huyo akasema, na hapo ndipo alipotaja jina la kwanza.

Shamba lile sasa ni la mtu mwingine, tusiyehusiana naye kwa lolote, alipewa na kijiji. Analima ufuta. Mawe yale ameyazunguka miaka yote, kwa sababu siku anakabidhiwa aliambiwa neno moja tu: hapa kuna watu. Sina hakika kama mwanawe ameambiwa.

Ukitafuta kaburi la bibi, lazima uulize pia habari za ukoo na mahari. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao unafuata kwa mama, ukimtafuta mwanamke kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe unaweza ukamkosa kabisa. Penye koo za baba nako kuna wake waliorudishwa kuzikwa kwao kwa sababu mahari haikuisha. Mambo haya yanasemwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo yaulize ukiwa umekaa na shangazi mmoja jikoni, si mbele ya kikao cha ukoo.

Na usidhani elimu au mji vinabadilisha sana. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986, akiwa na shamba lake Ngong, mahali ambapo mkewe, Wambui, alisema ndipo alipotaka kuzikwa. Ukoo wa Otieno, Umira Kager, ukaenda mahakamani na kushinda. Mei 1987 akazikwa kwao Nyalgunga, Siaya. Mtafiti wa ukoo anayefuata anwani ya mwisho ya marehemu angeishia Nairobi.

Karatasi zina nafasi yake. Parokia za Kikatoliki huweka kitabu cha marehemu mbali na kile cha ubatizo. Nenda kwa adabu, peleka jina la ubatizo, maana mara nyingi jina la nyumbani halimo.

Kuna wengine ambao hata ukilijua shamba, hawamo. Kama kwenu kuna babu aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza asirudi, acha kumsaka mahameni. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, imeandikwa kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Majina yenyewe ya wapagazi hayakuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Ila mwaka 1968, barabara mpya ilipopita Dar es Salaam, makaburi 660 ya vita hiyohiyo yalihamishwa na kupangwa upya. Uwezo wa kuhesabu na kuandika ulikuwepo. Wenye mamlaka waliamua nani anastahili.

Sasa sisi wenyewe. Tunaweka vigae vinavyong'aa juu ya kaburi la mzee aliyefariki mwaka jana, huku baba yake yuko chini ya ufuta wa mtu. Sitetei kujengea kila kaburi, na najua Waislamu wengi hawapendi makaburi yajengewe. Nataka yaandikwe. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inaruhusu makaburi yaondolewe ardhi ikihitajika kwa matumizi ya umma, baada ya tangazo. Tangazo linamsaidia anayejua kwamba ana kaburi pale. Vijiji vinapima mashamba na kutoa hatimiliki za kimila. Masjala ya ardhi ipo, ramani inachorwa. Kuweka alama ya mahame na makaburi kwenye ramani hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwa wazee wawili na kijana mwenye simu inayosoma majira ya nukta (GPS). Na anayeuza shamba leo aongeze mstari mmoja kwenye hati ya mauziano: kuna makaburi, yako upande gani, ni ya nani, na wenyewe wanaruhusiwa kupita.