Sanduku limebaki, meli imeondoka

Dada yangu alitua Barcelona saa tano asubuhi akiwa na mkoba wa begani na khanga aliyojifunika usiku kucha ndani ya ndege. Sanduku lake la kilo 23, alilolipanga Dar es Salaam kwa siku tatu, lilikuwa limebaki kwenye kiwanja alichobadilishia ndege. Akapewa karatasi yenye namba, akaambiwa litafika kesho. Kesho sisi tulikuwa Marseille, Ufaransa. Meli ya kitalii haimsubiri mtu, sembuse sanduku lake. Jioni inang'oa nanga, na mzigo wako unabaki kukufukuzia bandari hadi bandari. La dada lilitupata siku ya nne, Civitavecchia, bandari ya kwenda Roma.

Siku hizo zote tulivaa kutoka begi langu moja, lile linaloingia kwenye kabati la juu ndani ya ndege. Mimi nilitokea Rotterdam na blauzi tatu za polista, suruali mbili, gauni jeusi la usiku wa mavazi rasmi, mitandio miwili, sweta, nguo za ndani za siku nne, doti moja ya khanga na kipande cha sabuni ya mche. Wanawake wawili, begi moja, na hatukuaibika mahali popote. Tulikuwa tunafua.

Najua neno hilo linawakera watu. Dada mwenyewe alilipinga usiku wa kwanza: "Mdogo wangu, nimedunduliza mwaka mzima nije kupumzika, unaniambia nifue?" Ana haki ya kuuliza. Mwanamke aliyefua nguo za nyumba nzima miaka ishirini hawezi kulaumiwa akiona sinki akageuza uso. Na ukisafiri na watoto watatu wadogo, lipa huduma ya kufuliwa, usijitese. Ila ujue kwamba kwenye meli nyingi wanatoza kwa kila nguo, na soksi nazo zinahesabiwa. Na kama umekuja na mume, naye ana mikono. Afue zake.

Kwa sisi wengine, kinachojaza sanduku ni macho ya watu. Tunapanga nguo ya kila picha: hii ya kupandia meli, hii ya chakula cha usiku, hii ya Roma. Tunaogopa mtu atasema, "Hilo gauni si la jana?" Wiki nzima sikusikia mtu akilisema. Watu waliokaa nasi mezani waliniona na gauni jeusi lile lile mara tatu, na mtandio tofauti, na mazungumzo yalikuwa ya wajukuu na ya bei ya nyumba. Tukijinyima raha ya kutembea wepesi kwa kuogopa swali lisiloulizwa, naona tunajidhulumu wenyewe.

Kufua kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Nafua jioni kabla ya kuoga, nguo za siku hiyo tu, maana rundo likikusanyika kwenye chumba kidogo namna ile hutalimaliza. Naziba sinki, natia maji ya vuguvugu, napaka sabuni kwenye kwapa, kola na pindo, nafikicha, nasuuza mara mbili. Sabuni iwe kidogo. Maji ya melini mengi hutengenezwa humo humo kutokana na maji ya bahari, kwa kuyachemsha na kukusanya mvuke au kuyachuja kwa nguvu, kwa hiyo ni laini sana. Sisi tuliokulia Tanga tukifulia maji ya kisima yenye chumvi, unasugua mche mpaka mkono unachoka na povu halionekani. Kule ukigusa tu, sinki limejaa. Ukizidisha utasuuza mpaka usiku wa manane.

Kukamua ndiko kunakoamua kama asubuhi utavaa nguo kavu. Tandaza taulo kavu kitandani, laza blauzi juu yake, ikunje pamoja na taulo kama unavyokunja mkeka, halafu ishushe chini na uikanyage kwa miguu mitupu. Maji yanahamia kwenye taulo. Dada alicheka alipoona nakanyaga, kisha akaijaribu kwa suruali, na tangu hapo kukanyaga kukawa kazi yake. Baada ya hapo unaikung'uta, unainyoosha kwa kiganja ingali na unyevu, kwa sababu pasi hairuhusiwi vyumbani. Moto ndio hofu kubwa ya watu wa meli, na pasi ikionekana kwenye mzigo wanaichukua. Nguo yenye mikunjo nilikuwa naitundika bafuni wakati naoga maji ya moto, mvuke ukailegeza.

Bafuni kulikuwa na kamba nyembamba inayovutwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, inatosha nguo mbili tatu nyepesi. Kuta za vyumba vingi melini ni za chuma, hivyo kulabu ndogo za sumaku zinashika popote; nilibandika nne karibu na tundu la kiyoyozi. Hewa yake ni kavu, polista inakauka kabla ya alfajiri. Pamba nzito haikauki, na jinzi ndiyo kabisa, iache nyumbani. Khanga ni pamba pia, lakini wepesi wake unaiokoa. Ya dada ilikuwa shuka, sketi, mtandio wa kuingilia kanisani na taulo ya ufukweni, na kila asubuhi ilikuwa kavu. Usianike kwenye baraza la nje. Upepo wa baharini utaipeperusha, na wenye meli wamekataza. Na usimwachie mhudumu wa chumba bafu lililojaa vitambaa vinavyochuruzika. Ana vyumba vingi vya kusafisha, naye yuko mbali na kwao.

Tulipofika Marseille, kila mtu alitarajia dada atakimbilia maduka ya nguo. Alinunua nguo za ndani, na kipande cha sabuni ya kijani. Mji ule unajulikana kwa sabuni. Amri ya mwaka 1688, enzi za mfalme Louis XIV, ilitaka itengenezwe kwa mafuta ya zeituni tupu. Kipande chake ni cha pembe nne kama tofali dogo, kimegongwa muhuri wa 72% upande mmoja, kiwango cha mafuta. Alikinusa, akasema kinanukia kama vya zamani kwa bibi. Usiku ule alifua mwenyewe bila kuambiwa.

Siku moja baada ya sanduku lake kupatikana, tulikuwa Napoli. Tukaingia vichochoro vya Quartieri Spagnoli, mtaa wa zamani wa mji ule, vyembamba kama vya Mji Mkongwe, na juu yetu nguo zilikuwa zimeanikwa kutoka roshani hadi roshani: mashuka, fulana za watoto, suruali za kazi, zinadondosha matone kwenye mawe. Dada alisimama chini yake muda mrefu. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anavuta kamba yake kwa kapi, anabana nguo moja moja kwa vibanio alivyovishika mdomoni. Dada akampungia mkono. Yule mama akamjibu kwa kichwa.

Sanduku lile la kilo 23 lilikaa chini ya kitanda mpaka mwisho wa safari. Alilifungua mara mbili, kuchukua viatu na kuchukua dawa. Usiku wa mwisho abiria huambiwa waweke mizigo nje ya milango ili ishushwe kabla yao. Aliliburuta lake hadi ukumbini, akarudi akakaa kitandani akilitazama begi langu, kisha akaniuliza nimelinunua wapi.