Mafuta ya kwenye bakuli na mafuta ya kwenye uvimbe

Mama mkubwa, pale Tandika, alikuwa na kijiko chake cha kuengulia mafuta. Supu ya kuku ikichemka anaiepua, anaiacha itulie, kisha anapitisha kijiko juu taratibu mpaka tone la mwisho la mafuta liondoke. Kinachobaki, maji ya moto yenye harufu ya kuku, ndicho alichopewa baba mkubwa. Uji wake haukutiwa sukari. Saa kumi na mbili jioni jiko linazimwa, hali tena hadi asubuhi. Baba mkubwa alikuwa na saratani ya ini, na mama mkubwa alikuwa ameshika mafundisho mawili yanayozunguka Dar es Salaam nzima, kuanzia vibarazani hadi kwenye sauti za WhatsApp: mafuta huharibu ini, na saratani hula sukari. Ukiunyima uvimbe vyote viwili, utakufa njaa.

Daktari aliyemwona alisema kitu kimoja tu: "Mama, mwache ale." Nyumbani kauli hiyo ilipokelewa kwa kilio. Walielewa kwamba daktari amekata tamaa, sasa mgonjwa ale anachotaka kabla hajaondoka.

Hapo ndipo naona madaktari na wataalamu wa lishe wanapoeleweka vibaya, na naandika kwa sababu hiyo.

Tuanze na haki ya upande wa pili, maana anayesema punguza mafuta na sukari hasemi uongo. Ini la mtu mzima likipokea soda, chai ya sukari nyingi na chipsi kila siku, hugeuza ziada hiyo kuwa mafuta na kuyahifadhi humohumo. Ini lenye mafuta huweza kuvimba, kuvimba kukazaa makovu, na makovu yakazaa saratani. Wengine hufika kwenye saratani hata kabla makovu hayajakomaa. Mtu mnene wa kilo 90 akipunguza kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito wake, yaani kilo 6 hadi 9, ini lake hupata nafuu inayoonekana. Kwa mtu mzima wa afya hilo ni fundisho jema, na jiji letu linalihitaji. Ila kwetu sisi njia iliyozoeleka zaidi ya kufikia saratani ya ini bado ni virusi vya homa ya ini B, pamoja na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga. Baba mkubwa hakuwahi kuwa mnene hata siku moja.

Tatizo linaanza pale fundisho la kinga linapochukuliwa na kufanywa tiba.

Mwaka 1953 Grace Medes na wenzake nchini Marekani walichukua vipande vya uvimbe, wakaviweka maabara, wakaona vinajitengenezea asidi za mafuta kutokana na sukari. Seli nyingi za mwili wetu hutegemea mafuta yaletwayo na damu. Seli ya ini ni tofauti: ina kiwanda chake tangu mwanzo, na inapogeuka saratani mara nyingi huongeza kasi ya kiwanda hicho. Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemikali ndani ya seli, huunganisha vipande vya kaboni mbili mbili, kimoja cha kuanzia na saba vya kuongezea, mpaka upatikane mnyororo wa kaboni 16 uitwao palmitati. Jina hilo limetoka kwenye michikichi. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni asidi hiyohiyo. Seli huitumia kujengea kuta za seli mpya inapojigawa, nyingine huiweka akiba kwa vitone vidogo. Kwa hiyo mama mkubwa alikuwa akiyaengua mafuta juu ya supu, na uvimbe ukijitengenezea mengine ndani.

Utauliza: basi si tuzuie na wanga? Mtu asipokula, mwili hauachi kupeleka chakula kwenye damu. Huyeyusha mafuta yake wenyewe na kuyamwaga kwenye mzunguko, huvunja misuli na kuigeuza sukari. Uvimbe huokota vyote viwili. Njaa tunayodhani ni ya saratani, anayeilipia ni mgonjwa.

Na kuna jambo moja ambalo tangu nilifahamu linaninyima raha. Ini lenye afya huweka akiba ya wanga inayomvusha mtu usiku hadi asubuhi. Ini lililojaa makovu, na wagonjwa wengi wa saratani ya ini wana makovu hayo, halina nafasi ya akiba hiyo. Mwaka 1983 watafiti walipima wagonjwa wenye makovu baada ya usiku mmoja bila kula, wakakuta miili yao iko katika hali ya mtu mwenye afya aliyekaa na njaa siku mbili hadi tatu. Usiku mmoja tu. Sasa hesabu nyumba ya Tandika ambako jiko linazimwa saa kumi na mbili jioni, na uji unakuja saa mbili asubuhi. Ni saa kumi na nne. Kila alfajiri baba mkubwa aliamka kama mtu aliyetoka kwenye mfungo wa siku mbili tatu, na siku hiyohiyo jioni akaanza mwingine. Nilimshika mkono mwezi wa pili wa ugonjwa: kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na shimo, nyama yote imekwenda. Sote tulisema saratani inamla. Sehemu ya ile nyama tuliila sisi.

Ndiyo maana miongozo ya lishe ya wagonjwa wa makovu ya ini inataka kalori 35 kwa kila kilo ya uzito, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji kalori 2,100 na protini isiyopungua gramu 72, kama mayai 12 hivi angekuwa anakula mayai matupu. Na anatakiwa kula kitu kabla ya kulala. Zamani hata hospitalini nyama ilizuiliwa kwa kuhofia mgonjwa kuchanganyikiwa akili. Zuio hilo limeachwa.

Wanaotetea kunyima mafuta watasema maabara nazo zinatafuta dawa za kuzima kiwanda hicho cha mafuta ndani ya seli. Kweli, na matumaini yapo: dawa inayozuia hatua ya mwanzo ya utengenezaji wa mafuta ilipunguza uvimbe kwa panya wa maabara mwaka 2019. Lakini miaka miwili kabla, panya ambao ini lao lilizimwa hatua hiyohiyo kwa njia ya jeni walipata uvimbe mwingi zaidi. Lipo pia kundi la saratani za ini ambalo huchoma mafuta kupata nguvu. Ikiwa wenye darubini wanahitaji kwanza kujua ni seli ya aina gani, kijiko cha supu kitajuaje?

Wapo wagonjwa ambao mafuta hupunguzwa kweli: nyongo imeziba, macho ya manjano, choo kinaelea na mafuta. Tumbo likijaa maji, chumvi hupunguzwa. Na karanga za kwenye uji zichaguliwe, zenye ukungu zitupwe. Hayo huamuliwa kwa kumtazama mgonjwa mwenyewe.

Baba mkubwa hakupona. Ila wiki zake za mwisho mama mkubwa alikuwa akimwamsha saa nne usiku kwa bakuli la uji wa maziwa, naye akilishika mwenyewe kwa mikono miwili.