Udongo wa Kiwanda Kilichofungwa Upimwe Kabla Ramani Haijachorwa

Kiwanda kikifungwa kwenye mji mdogo, macho ya watu yanaona eneo kubwa lililo wazi, barabara ipo, umeme upo. Mara shule inatajwa, mara nyumba, mara bustani ya mboga. Mimi nasema fedha ya kwanza, hata ikiwa kidogo, itumike kujua ni kazi gani ilifanyika pale na sehemu ipi hasa. Mchoraji ramani na tingatinga wangoje.

Hatua hii haihitaji mtambo wowote. Tafuteni ramani za zamani, picha za angani, leseni, stakabadhi za kemikali, kisha kaeni na wazee waliofanya kazi humo. Waulizeni taka zilimwagwa wapi, matangi yalifukiwa wapi. Kila kazi ina sumu yake. Kuyeyusha betri huacha madini ya risasi, kusindika ngozi huacha kromiamu, kutia mbao dawa huweza kuacha aseniki au kreosoti (mafuta mazito yanayotokana na lami), na matangi ya petroli huvuja benzini, kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli. Asiyejua historia hulipia maabara vipimo vya visivyokuwepo, na vilivyopo vikampita.

Kwenye kuchukua sampuli ndiko wengi wanakoharibu. Ili kupunguza gharama, udongo wa sehemu kumi huchanganywa ukapimwa kama sampuli moja. Tuseme sehemu tisa zina miligramu 50 za risasi kwa kilo, na ya kumi, palipokuwa tanuri, ina 3,000. Mchanganyiko utasoma 345. Marekani ilitumia 400 kama kiwango cha tahadhari kwa makazi kwa miaka mingi, ikakishusha hadi 200 mwaka 2024. Kwa kipimo cha zamani eneo hilo lingepita, na mtoto angecheza juu ya ile 3,000. Mchanganyiko unafaa pale tu historia inapoonyesha matumizi yalikuwa ya aina moja. Penye tanuri, mfereji au tangi, kila sampuli ipimwe peke yake.

Chukueni sentimita chache za juu kando na za chini, kwa sababu vumbi la juu ndilo linaloingia mdomoni mwa mtoto. Halafu shukeni nusu mita, mita moja, hadi mfikie udongo wa asili. Kipimo cha mkononi cha miale ya eksirei husaidia kusaka madini haraka, ila udongo uliolowa hukifanya kisome chini ya ukweli. Ukausheni, na sehemu ya sampuli ithibitishwe maabara. Udongo wenye harufu ya mafuta haufai kwenye mfuko wa plastiki: benzini itakuwa imeruka kabla ya kufika. Utiwe kwenye chupa ya kioo, ufungwe vizuri, uwekwe kwenye baridi.

Maji ya ardhini nayo yana mambo yake. Visima vitatu vya uchunguzi, visivyokaa kwenye mstari mmoja, ndivyo vichache kabisa vya kuonyesha maji yanaelekea wapi. Petroli huelea juu ya maji, lakini viyeyusho vya kusafishia mashine vyenye klorini huzama. Mchimbaji akitoboa tabaka la udongo wa mfinyanzi bila tahadhari, anaifungulia sumu njia ya kwenda kwenye maji safi ya chini.

Majibu yakishapatikana ndipo matumizi yaamuliwe. Si lazima udongo wote uondolewe. Eneo la mita za mraba 2,000 likichimbwa nusu mita tu, ni mita za ujazo 1,000, karibu tani 1,800, yaani safari 120 za lori la tani 15, na vumbi njia nzima. Kwa madini yasiyosafiri na maji, maegesho ya zege juu yake yanaweza kutosha. Bustani ya mboga haiwezi kuwekwa hapo. Na penye benzini, zege peke yake halitoshi, kwani mvuke hupenya nyufa za sakafu ukaingia chumbani.

Mkifunika kwa udongo safi, huo nao upimwe kabla haujamwagwa, kisha chini yake tandazeni wavu wa rangi kali wa kumwonya atakayechimba. Kina cha wavu na kilicho chini yake viandikwe kwenye hati ya kiwanja, maana fundi bomba atakayechimba mtaro miaka 20 baadaye hatakuwa amehudhuria mkutano wenu hata mmoja.