Farasi akiumwa na nyoka, kazi huanza uvimbe ukishuka

Asubuhi ile nilidhani farasi wangu amejigonga kwenye mlango wa banda. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba upande mmoja na tundu moja la pua limebaki kama ufa. Nilipomgeuza uso kuelekea mwangani nikaziona nukta mbili zilizokaribiana, na damu nyepesi ikichuruzika bila dalili ya kuganda. Haikupita muda mrefu, uso wote ukawa wa kiboko.

Kijana anayenisaidia bandani akaja mbio na wembe. "Mzee, tumchanje, damu mbaya itoke."

"Weka wembe chini, mwanangu. Niletee mpira wa maji, kisu na mafuta ya kujipaka."

Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Simlaumu. Sisi sote tumelelewa na picha ya shujaa anayechanja, ananyonya, anafunga kamba juu ya jeraha. Hakuna hata moja kati ya hayo inayosaidia, na nitasema kwa nini. Lakini kwanza pua.

Farasi hapumui kwa mdomo. Mtu akizibwa pua hufungua mdomo, mbwa hutweta ulimi nje, ila farasi ameumbwa kaakaa laini refu linalofunga njia ya mdomo, hewa yake yote inapita puani. Matundu yakizibwa na uvimbe hana mlango wa pili. Anaweza kufa kwa kukosa pumzi wakati sumu yenyewe asingeshindwa kuihimili. Na bahati mbaya ni kwamba hapo puani ndipo anapoumwa mara nyingi, kwa sababu akikuta kitu kigeni majanini hakimbii kwanza, huinama kukinusa. Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Farasi wangu hajawahi kuisikia methali hiyo. Siku hizi bado anachomeka pua kwenye kila kichaka.

Basi tukakata vipande viwili vya mpira, kila kimoja kama sentimita 12, tukalainisha kingo zisimchane, tukapaka mafuta, nikaingiza kimoja kila tundu na kukishikiza kwa plasta. Wengine hutumia bomba la sindano lililokatwa ncha. Jambo lenyewe ni kuwahi: mpira unaingia kwa urahisi tundu likiwa bado wazi, na baada ya hapo inabaki kazi ya daktari wa mifugo kumtoboa bomba la hewa shingoni. Farasi akikataa kabisa, usipigane naye. Kila dakika ya purukushani inaongeza mapigo ya moyo, na moyo ndio unaosambaza sumu.

Sasa wembe. Sumu ya nyoka wa jamii ya kifutu huharibu nyama pale ilipo na huvuruga kuganda kwa damu. Ukichanja, umefungua kidonda kwa mnyama ambaye damu yake haigandi, na umewafungulia vijidudu mlango. Ukifunga kamba, umeifungia sumu mahali pamoja iendelee kula nyama, na damu safi haifiki. Barafu inaua ngozi ambayo tayari ina shida. Kunyonya hakutoi chochote cha maana. Kuhusu wale wanaochoma jeraha kwa umeme wa betri, nisiseme mengi.

Nilichofanya baada ya pua ni kidogo mno, na ndivyo inavyotakiwa. Nilimvua hatamu, maana kamba ya kichwani juu ya uso unaovimba hugeuka kitanzi. Nilimwacha asimame palepale kivulini. Nilimpigia daktari aje kwake, badala ya kumtembeza farasi kumfuata daktari. Nikachora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na kuandika saa, kisha nikachora tena kila baada ya nusu saa. Mistari ile ilimweleza daktari zaidi ya maneno yangu yote. Nyoka hatukumwona. Ukimwona, kumbuka rangi na ukubwa wake au mpige picha kwa mbali. Ukimwinda na fimbo, daktari atakuwa na wagonjwa wawili.

Si kila nyoka anavimbisha. Swila na koboko wanaweza kuacha alama ndogo tu, halafu kope zikaanza kulegea, miguu ikayumba, farasi akashindwa kumeza. Huyo usimpe chakula wala maji hadi aonwe, vitaingia mapafuni. Na swila wa kutema akimpata machoni, ni maji safi mengi, papo hapo.

Farasi mzima ana kilo 400 au 500, na nyoka hana sumu ya ziada kwa ajili ya ukubwa wake. Dozi inayoweza kummaliza mbwa inasambaa katika mwili mkubwa, kwa hiyo farasi wazima wengi hupona. Mtoto wa farasi ni habari nyingine. Ila huku kupona ndiko kunakotudanganya, na ndiko kulikonifanya niandike.

Kuna jambo huwa linanigusa kuhusu dawa yenyewe ya sumu ya nyoka, antivenomu. Antivenomu nyingi duniani hadi leo hutokana na damu ya farasi: anadungwa sumu kidogo kidogo hadi mwili wake ujifunze kuizima, kisha maji ya damu yake yanasafishwa na kuwa dawa. Albert Calmette wa Ufaransa alifungua njia hiyo miaka ya 1890 akianza na sumu ya swila, akitumaini dawa moja ingefaa kwa nyoka wote. Vital Brazil, huko Brazili, akaonyesha kwamba sumu ya jamii moja haizimwi na dawa ya jamii nyingine. Ndiyo maana daktari alinihoji sana kuhusu aina za nyoka wanaoonekana karibu na banda kabla hajafungua chupa. Alitaka dawa iingie mapema, na ilimlazimu kuichagua vizuri. Akatundika dripu, akampa chanjo ya pepopunda, kwa sababu farasi ni dhaifu mno mbele ya ugonjwa huo na tundu la jino la nyoka ni nyumba nzuri kwa vijidudu vyake.

Siku ya nne uvimbe ukashuka. Mipira ikatoka. Akala nyasi zilizolowekwa, nilizomwekea usawa wa kifua ili asiinamishe kichwa na uvimbe ukarudi puani, na akanywa kwenye beseni pana kwa kuwa ndoo ilimbana mdomo. Rafiki yangu mmoja, mpanda farasi mzuri tu, akamtazama na kusema, "Huyu amepona. Mtandike kesho."

Hapo ndipo tunapowaua. Sumu ya nyoka inaweza kuudhuru msuli wa moyo, na madhara hayo yakaonekana siku kadhaa au hata majuma baadaye, wakati pua imeshakuwa nzuri na mwenye farasi ana hamu ya safari. Moyo ulioumia hausemi kitu farasi akiwa anakula. Husema akikimbizwa.

Kwa hiyo nilinunua daftari. Asubuhi na jioni, vidole viwili chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, saa mkononi. Farasi mzima aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika. Wangu alikuwa 64 siku ya kwanza, 52 siku ya tano. Siku ya tisa nilisikia pigo likiruka, nikaishiwa nguvu miguuni. Kumbe farasi wenye afya huruka pigo wakipumzika, kwa mpangilio, na hali hiyo hupotea wakitembea kidogo. Ni kazi ya kipimo cha umeme wa moyo kutofautisha hilo na ugonjwa, pamoja na kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia. Sikio langu halitoshi, na la rafiki yangu halitoshi pia.

Mengine yalipita bila mikasa, ingawa niliyafuatilia: kipande cha ngozi juu ya mdomo kilikufa kikadondoka, kidonda kikasafishwa kila siku, rangi ya mkojo, kwa sababu sumu na dawa za maumivu zote hupitia figo, na ndiyo maana hakuna kumwongezea dozi kwa huruma, joto la kwato, maana farasi aliyeugua sana anaweza kuvimba ndani ya kwato akalemaa wakati wewe unashangilia pua.

Hapandwi hadi leo. Ni wiki ya sita. Kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri, na daktari ametaka kingine kabla ya tandiko, baada ya kutembezwa kwa mkono siku kumi. Rafiki yangu anasema ninamdekeza.

Jioni ya jana nilichelewa kufika bandani. Nikamkuta yule kijana wa wembe amesimama kimya, vidole chini ya taya, macho kwenye saa, hata hakunisalimia hadi dakika ikaisha.

"Thelathini na sita, Mzee," akasema, akaenda kuandika.