Siku niliyoalikwa nyambizi

Hii ni mwaka wangu wa kwanza Marekani, Connecticut, mji unaitwa Groton. Mji wenyewe ni wa nyambizi bana, ndo wanakoziunda, na ile Nautilus, ya kwanza duniani kutumia nyuklia, iliyopita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini 1958, imefungwa pale mtoni watu wanaingia kuitazama. Sasa mtu akikutajia "sabu", kifupi cha "submarine", yaani nyambizi kwa Kiingereza, mahali kama hapo we utaelewa nini?

Msimamizi wangu kazini, mzee mpole sana, akanitumia meseji: kesho saa sita sabu, mi ndo nalipa, we nusu au nzima? Nkawaza nusu ni kuzungushwa kidogo na kurudi, nkajibu nzima, bahati yenyewe haiji mara mbili. Akauliza, ya moto au ya baridi? Heh, kumbe huko chini unachagua mpaka hali ya hewa! Nkaandika baridi, nkaenda kutafuta sweta.

Usiku nkampigia mama Tanga. Akalia, akasoma dua, halafu akasema asubuhi nisile kitu, nisije kutapika humo ndani na dirisha hamna. Nkatii, na vidonge vya kichefuchefu juu, viwili.

Saa sita nipo getini, sweta juu ya sweta, vidonge vimenilegeza nasinzia wima, mzee huyo na mfuko wa karatasi. Akatoa mkate. Futi nzima, umechongoka huku na huku, tumbo limetuna, mafuta yanachuruzika, na ukiutazama ubavuni jamani ni nyambizi kweli, ndo lilikotoka jina.

"Najua huli nguruwe, nimekuchukulia ya jodari."

Nkamuuliza, na ile nyingine tunaenda saa ngapi? Akanikodolea macho: "Nyingine tena? Una njaa kiasi hicho?"

Tukila akanielimisha kwamba wenyeji wengi wa pale wanauita grinda, Philadelphia ni hogi, New York hiro. Sasa mzee si ungesema grinda, mi ningekunywa chai yangu asubuhi! Na hiyo "submarine" eti asili yake Kilatini, chini ya bahari.

Jioni mama huyo kwenye simu, spika imefunguliwa, nyumba nzima kimya.

"Mwanangu, umetoka salama?"

"Nimetoka, mama."

"Na samaki umewaona?"

"Nimewaona. Wamepakwa mayonezi."